Kuchagua Chombo cha Akiba kwa Kompyuta ya Nyumbani

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, Marekani, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilianza kufuta mafaili ya filamu ya Toy Story 2, na kabla ya mafundi kuizuia, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa imekwisha toweka. Nao walipozirejea kanda za akiba walizokuwa wakizitegemea, wakakuta kwamba hazikuwa zikihifadhi sawasawa, wala hapana aliyekuwa amelitambua jambo hilo. Kazi ile ilisalimika kwa kuwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani, alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani kwake.

Ikiwa studio yenye wataalamu na fedha ilifikwa na jambo hilo, mwenye kompyuta moja tu, aliyeweka humo picha za harusi, vyeti vya watoto, hesabu za biashara na sauti za wazee waliokwisha kufariki, hana budi kuchukua hadhari zaidi. Aghalabu watu huenda dukani wakitaka chombo kisichoharibika. Chombo hicho hakijaundwa bado, na rai yangu ni kwamba mtu achague vyombo viwili ambavyo kila kimoja kina udhaifu wa namna yake, ili sababu itakayokiangamiza cha kwanza isiweze kukiangamiza cha pili.

Diski ngumu ya nje ndiyo ya kutangulizwa, maana hubeba terabaiti nzima, yaani gigabaiti 1,000, kwa bei nafuu kuliko SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya ukubwa huo. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yavyo kichwa cha kusomea huelea katika nafasi nyembamba mno kuliko unywele, hata diski ikianguka ilhali inazunguka, yamkini isisomeke tena. SSD na flashi hazina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo hustahimili misukosuko. Walakini yaliyomo yameandikwa kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani, ambazo huvuja polepole chombo kikikaa kabatini miaka mingi bila ya kutiwa umeme, na joto huzidisha kuvuja huko. Fauka ya hayo, zipo flashi bandia zilizoghushiwa ukubwa, ambazo hupokea kila zipewacho na kurudisha sehemu tu. Yafaa flashi mpya ijazwe yote na kusomwa yote kabla ya kuaminiwa.

Dividii ya kuandikwa mara moja ina fadhila yake, kwamba kilichokwisha andikwa hakifutiki kwa kosa la mtumiaji wala kwa virusi. Lakini huchukua gigabaiti 4.7 tu, hata mwenye gigabaiti 500 atahitaji zaidi ya dividii 100, na rangi inayobeba maandishi yake hufifia kwa jua na joto.

Hifadhi ya intaneti iko mbali na nyumba, wala moto, mafuriko au mwizi wa mtaani hawezi kuifikia. Lakini hutaka ada na subira, kwani kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 500 hupanda kwa zaidi ya siku nne mfululizo. Mwenye kununua bando na apeleke huko vyeti na picha teule tu.

Diski ngumu ichomolewe kila baada ya kunakili, kwa kuwa virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia huvamia kila kilichochomekwa. Na nakala ya pili, iwe katika SSD au katika intaneti, ikae nje ya nyumba, hata kwa ndugu wa mtaa wa pili. Kisha, kila baada ya miezi michache, mafaili kadhaa ya kila nakala yafunguliwe na kutazamwa hadi mwisho, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa haistahili kuitwa akiba, na wa kuijaribu ni mwenye mali mwenyewe, maadamu kompyuta yake ingali nzima.