Mganga Hajigangi

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Ukweli wa neno hilo ulidhihirika mwaka 2003, maradhi ya SARS yalipoingia katika kisiwa cha Singapore. Watu 238 waliugua na 33 wakafariki. Na katika kila wagonjwa 10, wapatao 4 walikuwa watumishi wa afya.

Serikali ya huko haikukawia. Hospitali ya Tan Tock Seng ilitengwa kwa ajili ya maradhi hayo. Watumishi wakapewa barakoa za kubana uso, glavu na mavazi ya kinga. Na joto la miili yao likapimwa kila siku, ili anayeanza kuugua atambulikane mapema. Tarehe 31 Mei 2003 Shirika la Afya Duniani liliiondoa Singapore katika orodha ya mahali penye maambukizo.

Sisi wa visiwani tunalo funzo hapo. Muuguzi wetu akianguka, bahari haituletei mwingine jioni hiyo hiyo. Hivyo hapana budi ghala za hospitali ziwe na barakoa kabla maradhi hayajabisha hodi, na madirisha ya wodi yafunguliwe hewa ipite. Nasi wananchi tusirundikane vitandani mwa wagonjwa. Kumsifu muuguzi ni wema. Kumkinga ni wajibu.