Dawa ya lehemu: usiichanganye ovyo, wala usiiache kimyakimya

Katika nyumba nyingi siku hizi, kando ya vidonge vya presha vya baba au vya bibi, utakuta kidonge kingine kinachomezwa kila siku. Ni dawa ya kupunguza lehemu katika damu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli. Inaweza kuwa simvastatini, atorvastatini au rosuvastatini. Zote ni za ukoo mmoja uitwao statini. Na wengi wanaozimeza wamewahi kuambiwa na jirani: "Achana nazo hizo, zitakumaliza misuli na ini." Je, jirani anasema kweli?

Lehemu yenyewe si sumu. Mwili huitengeneza, hasa katika ini, nao huihitaji. Taabu huanza inapozidi, kwani hujikusanya taratibu katika kuta za mishipa ya damu, hata siku moja mshipa wa moyo au wa ubongo ukaziba. Statini huipunguzia ini kazi hiyo ya kutengeneza lehemu. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1973 na mtafiti wa Japani, Akira Endo, katika ukungu wa jamii ile ile iliyotupatia penisilini. Faida yake ilithibitishwa mwaka 1994, baada ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia kufuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la pili walikufa watu 256. Katika kundi la dawa, 182.

Lakini jirani naye hakutunga hadithi. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliondoa sokoni statini yake iitwayo serivastatini, baada ya kuripotiwa vifo 52. Misuli ya wagonjwa hao ilikuwa imevunjika, na mabaki yake yalipoingia katika damu yakaharibu figo. Baadhi yao walikuwa wakiimeza pamoja na dawa nyingine ya kupunguza mafuta, jemfibrozili. Serivastatini haiuzwi tena. Kwa statini zilizopo sasa, janga la namna hiyo halimpati hata mtu 1 kati ya 1,000.

Maumivu ya kawaida ya misuli ni jambo jingine. Mwaka 2022 wataalamu waliunganisha matokeo ya tafiti kubwa wakaona kwamba, katika kila watu 10 wanaolalamika maumivu wakiwa kwenye statini, zaidi ya 9 hawakuyapata kwa sababu ya dawa. Waliomeza vidonge vitupu nao waliumwa karibu sawasawa! Umri, shamba na ndoo za maji vina sehemu yao. Hata hivyo, usiyafiche maumivu hayo. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia dawa.

Statini pia zaweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa mtu aliyekwisha kukaribia kisukari. Ini kuharibika kabisa ni nadra mno.

Hatari ambayo sisi wenyewe twaweza kuizuia ni ya kuchanganya dawa. Ini ndilo linalovunjavunja simvastatini na kuitoa mwilini. Zipo dawa zinazolizuia lisifanye kazi hiyo, na hapo kidonge kimoja hugeuka kuwa kama vingi, kwa kuwa cha jana bado kimo mwilini na cha leo kimeongezeka. Miongoni mwake ni erithromaisini na klarithromaisini, ambazo watu hupewa kwa kifua au koo, na vidonge vya fangasi vya ketokonazoli. Hizi hazimezwi kabisa pamoja na simvastatini. Amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana, haikatazwi, ila simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Hata balungi hufanya hivyo likiliwa kwa wingi. Chungwa la kawaida halina neno.

Tena zipo ARV zenye ritonaviri ndani yake. Hizi na simvastatini ni mwiko. Si ARV zote zilizo hivyo. Dolutegraviri, kwa mfano, haina tatizo hili, na zipo statini nyingine ambazo daktari anaweza kuchagua. Ugumu ni kwamba mtu huchukua ARV kwenye kliniki moja na dawa za moyo hospitali nyingine, na kwa kuona haya hasemi. Daktari wa moyo hawezi kukukinga na jambo asilolijua. Ukiogopa kutamka mbele za watu, omba kusema naye faraghani, au mwoneshe kasha la dawa bila maneno.

Vivyo hivyo ukienda duka la dawa kutafuta ya kikohozi, taja kwanza unazomeza nyumbani. Na kumwazima shemeji vidonge vyako kwa sababu naye "ana mafuta" si ukarimu hata kidogo.

Misuli ikiuma sana au ikalegea hata kunyanyuka kitini ni shida, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au macho yakawa ya manjano, usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zako zote mkononi. Dalili hizo zisipokuwepo, usiache dawa kwa maneno ya barazani. Hutasikia chochote ukiiacha, na ndiyo maana wengi hudanganyika, kumbe ndani ya majuma machache lehemu imerudi palepale, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi amebaki bila kinga.

Mama akijikuta mjamzito huku anatumia statini, amweleze daktari mapema. Wengi huambiwa waisimamishe kwa muda. Anayenyonyesha naye hashauriwi kuitumia.