Moyo Unaotangulia Habari ya Mimba

Jamaa za Mwambao ziendazo Nairobi kumpima mtoto moyo huifahamu njia: hushuka katikati ya jiji, husali Msikiti wa Jamia, kisha hupanda hadi Hospitali ya Kenyatta au kuelekea Parklands, ilipo Hospitali ya Aga Khan. Swali la akina mama hao tumelizoea: "Nilikula nini? Nilifanya nini?" Twaona vyema tulijibu kwa kueleza namna moyo unavyojengeka.

Siku ya 22 hivi baada ya mimba kutungwa, moyo huanza kupiga. Hedhi imechelewa juma moja tu, na wengi wetu hatujajitambua. Nao si moyo tuujuao: ni mirija miwili myembamba iliyoungana ikawa mmoja. Mrija huo hurefuka upesi kuliko nafasi uliyonayo, basi hauna budi kujikunja. Hupinda upande wa kulia, na sehemu iliyokuwa chini hupanda juu kwa nyuma. Kisha kuta huota ndani, na kufikia juma la 8 vyumba vinne vimekwisha kugawanyika. Mshipa mkuu utokao moyoni nao hugawanywa na ukuta unaojisokota kama kamba, ikawa miwili: mmoja wa mapafu, mmoja wa mwili. Ukuta huo usipojisokota, mishipa hubadilishana mahali, na mtoto huzaliwa na midomo ya buluu. Ukuta wa vyumba usipofungika, hubaki tundu.

Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na mara nyingi sababu haijulikani. Jicho halimo, wala husuda ya wifi. Yazuilikayo ni machache: kisukari kisichotulizwa, na rubela impatayo mama miezi 3 ya mwanzo. Kampeni ya chanjo ya surua na rubela ya mwaka 2016 nchini Kenya ilikuwa ya watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Binti aliyekuwa amevuka umri huo na aulize hospitalini kabla ya harusi, maana mjamzito hachanjwi.

Mtoto anyonyaye huku akihema na kutoka jasho apelekwe hospitali kwanza, mafusho yatangoja. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe. Kubwa huzibwa kwa upasuaji, na upasuaji huo hufanywa papo hapo Nairobi.