Kobalti yetu inashikisha mupira na chuma

Kamyo ya mugodi inapopita njia ya Likasi, unaona pine mweusi tu. Lakini ndani muko nyuzi za chuma, na mupira na chuma havipendane. Vikiachana, pine inapasuka na muzigo iko juu.

Dawa yake ni hii. Nyuzi zinapakwa shaba yenye kuchanganywa na zinki. Mu mupira wanatia chumvi ya kobalti, kidogo sana. Wakati wa kupika, salfa ya mupira inakamatana na ile shaba. Kobalti njo inasaidia vishikane nguvu, hata mu joto na maji.

Vyote vitatu vinachimbwa kwetu. Zinki iko Kipushi, mugodi ilianza kutoa tena mwaka 2024.

Sasa watafiti wa pine wanatafuta kole isiyo na kobalti, ju bei yake haitulie na chumvi zake ni mbaya kwa afya. Mu betri vilevile: za LFP hazina kobalti hata kidogo.

Wazazi, watoto wa Polytechnique ya UNILU wajifunze hii kazi pia. Tukichimba tu, siku wataiacha tutakuwa wa mwisho kusikia.