Sindano Moja, Sunzua Zote

Mtu ana sunzua ishirini: vidoleni, kiganjani, na moja kubwa ukingoni mwa kucha. Daktari anaichagua ile kubwa peke yake, anaidunga dawa kidogo isiyofika nusu mililita, kisha anamwambia mgonjwa arudi baada ya wiki tatu. Zile kumi na tisa hazigusi kabisa. Mambo yakienda vizuri, baada ya miadi mitatu au minne zote ishirini zimenywea na ngozi imerudi kuwa laini. Na kilichokuwemo kwenye bomba la sindano hakikuwa dawa ya kuua virusi. Ilikuwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela, ile ile wanayochanjwa watoto. Pengine ni protini za fangasi aitwaye kandida, au zile za vijidudu vya kifua kikuu.

Sunzua, au chunjua kama waitavyo wengine, huletwa na virusi vya HPV. Aina zake zinazojulikana zimepita 200, na kila kundi lina makao yake. Aina ya 1, 2 na 4 hupenda viganja na nyayo; ya 6 na 11 huleta masundosundo sehemu za siri; ya 16 na 18 ndizo zinazoogopwa zaidi kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi. Zote zina ujanja mmoja. Virusi hupenya kwenye mkwaruzo ambao huenda mwenyewe hukuuona, vikajificha katika seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi. Haviingii kwenye damu. Havipasui seli, havileti joto wala maumivu, na bila dalili hizo kinga ya mwili haina sababu ya kuja kutazama kuna nini. Husubiri tu seli zikue, zipande juu na kupukutika zenyewe, kisha hutoka pamoja nazo kutafuta mtu mwingine. Ni kama mgeni anayelala barazani kila usiku: hajagonga mlango, hajaingia ndani, na wenye nyumba hawajui kama yupo.

Hapo ndipo matibabu ya kuchoma yanapokwama. Asidi ya salisiliki hung'oa ngozi ngumu polepole. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huigandisha sunzua mpaka ife. Hizi ni tiba nzuri na huwatosha watu wengi. Lakini zinashughulika na kile kinachoonekana. Ngozi ya pembeni, inayoonekana haina neno, huenda tayari imebeba virusi, na miezi michache baadaye sunzua huchomoza pale pale, safari hii zikiwa tatu. Wembe nao husaidia kuzisambaza. Wanaume wengi wamepata mstari wa sunzua kidevuni kwa kunyoa juu ya moja. Siwezi kuacha kutaja mafuta ya ganda la korosho na maji ya betri, dawa mbili zinazosifiwa sana mitaani. Yote mawili huunguza ngozi kwelikweli, na kovu linalobaki mara nyingi ni baya kuliko sunzua yenyewe.

Tiba ya kuamsha kinga inaanzia upande mwingine. Karibu kila mtu mzima amekwisha kukutana na kandida, maana fangasi huyo huishi midomoni na matumboni mwetu. Wengi wamechanjwa surua. Katika nchi zetu karibu kila mtoto hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, mara tu anapozaliwa. Kinga ya mwili inavikumbuka vitu hivi. Ukivipeleka ghafla ndani ya sunzua, seli za kumbukumbu hukimbilia pale zikidhani adui wa zamani amerudi, na humwaga kemikali za vita, hasa intaferoni gama, zinazoita seli nyingine zije kusaidia. Mahali pakivimba namna hiyo, siri ya HPV imefichuka. Seli zenye kazi ya kukusanya mabaki huokota vipande vya fangasi au chanjo pamoja na vipande vya HPV vilivyokuwa hapo hapo, huvipeleka kwenye tezi za limfu, na huko zinafundishwa seli T mpya za kukitambua kirusi ambacho mwili ulikuwa haujawahi kukitazama usoni. Seli hizo husafiri kwa damu mwili mzima. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi ya kwa nini sunzua ya mguuni hupona kwa sindano iliyodungwa kidoleni, jambo ambalo asidi na naitrojeni haziliwezi.

Ushahidi upo, ingawa hauko sawa kila mahali. Mwaka 2001 madaktari wa ngozi wa Arkansas, Marekani, walichapisha matokeo ya kudunga sunzua kwa protini za matubwitubwi na kandida, zilizokuwa zikitumika kupima kinga ya ngozi, na baada ya hapo tafiti zikazidi, nyingi zikitoka Misri, Uhindi na Iran. Utafiti wa Zagazig, Misri, wa mwaka 2010 ndio ninaoupenda zaidi. Kati ya waliodungwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela, takriban wanane kwa kila kumi walipona kabisa. Kundi la kulinganisha lilidungwa maji ya chumvi tu, na humo pia zaidi ya robo walipona.

Msomaji asiipite haraka hiyo robo ya maji ya chumvi. Sunzua hupona zenyewe. Kwa watoto, takriban theluthi mbili hutoweka ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote, kwa sababu kinga mwishowe humgundua mgeni. Kwa hiyo kila tiba ya sunzua ina mashahidi wake, kuanzia ya kufunga uzi mpaka ya kupaka utomvu wa papai, na mashahidi hao hawasemi uongo. Walipona kweli, ila huenda si kwa dawa waliyoisifu. Ndiyo maana siamini takwimu za tiba yoyote ya sunzua isiyokuwa na kundi la kulinganisha. Tafiti nyingine za sindano hizi zimetoa matokeo ya chini sana kuliko ya Zagazig, na chanjo zenyewe zimesajiliwa kwa kuzuia magonjwa yake, si kwa kutibu sunzua. Daktari anayezitumia hivyo anatumia uamuzi wake wa kitaalamu, na anapaswa kumwambia mgonjwa hivyo.

Ipo pia njia ya kupaka. Krimu ya imikwimodi iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa masundosundo. Haiui virusi; huamsha kipokezi kiitwacho TLR7 ndani ya seli za kinga, ambacho kazi yake ni kutambua alama za virusi, na seli zikaanza kutoa intaferoni kana kwamba zimevamiwa. Kwenye masundosundo inafanya kazi vizuri kwa sababu ngozi ya pale ni laini. Kwenye nyayo zenye ngozi nene haipenyi ipasavyo. Na kwa molaskamu, vile vipele vya watoto vinavyong'aa vyenye kitundu katikati, majaribio makubwa mawili yalionyesha haizidi krimu isiyo na dawa. Hata hivyo bado wapo wazazi wanaoandikiwa, na si bei ndogo.

Katika Afrika Mashariki kuna jambo linalobadilisha hesabu yote, nalo ni VVU. Kinga ikishuka, sunzua huongezeka na kusambaa usoni na mikononi kama madoa bapa, na molaskamu hutokea kwa watu wazima, vipele vikiwa vikubwa kuliko vya watoto. Mtu mzima mwenye molaskamu usoni apimwe VVU kabla ya kupewa dawa yoyote ya ngozi. Tiba ya kwanza hapo ni ARV, na molaskamu mara nyingi huondoka kinga inapoinuka, ingawa sunzua hukaidi zaidi. Kumdunga mtu kama huyo BCG ni hatari, kwa sababu ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa na vinaweza kusambaa mwilini. Chanjo ya surua nayo ni hai. Mwenye kinga iliyoshuka sana haimfai, wala mjamzito.

Kwa wengine madhara ni madogo: maumivu wakati wa kudungwa, wekundu, uvimbe, pengine homa ya siku moja au mbili. Kidole kinahitaji uangalifu, maana hakina nafasi ya kuvimba. Wapo waliopata kidole cha zambarau chenye maumivu makali.

Wengi huuliza kuhusu chanjo ya HPV wanayopewa wasichana, iliyoanza Rwanda mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Hiyo hukinga dhidi ya aina za saratani, na baadhi yake hukinga pia aina ya 6 na 11. Si tiba ya sunzua za mkononi.

Mtoto mwenye sunzua mbili zisizomsumbua, mwache, au mpake asidi ya salisiliki kila siku kwa wiki kumi na mbili. Mtu mzima mwenye nyingi, zilizokwisha kuchomwa zikarudi, ana sababu ya kumwona daktari wa ngozi na kuuliza habari za sindano. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa eneo letu tangu mwaka 1992, na waliosoma hapo sasa wako katika nchi nyingi za Afrika. Ukifika, uliza kinachodungwa ni nini, na umweleze daktari kama una mimba, una VVU au unatumia dawa za kushusha kinga. Na asiyekuuliza hayo, awe na koti jeupe au duka la dawa, usimpe mkono wako.