Mtihani wa utumishi wa umma: Waislamu wa India walikwama wapi?



Mzazi mmoja alitufuata baada ya swala ya Ijumaa akatuvuta pembeni. Binti yake amehitimu chuo kikuu, anaomba ajira serikalini, na kuna mtu aliyeahidi "kumshika mkono" kwenye usaili kwa laki kadhaa. Akauliza: je, hiyo ni rushwa au ni shukrani? Tukamjibu kuwa ni rushwa, na kwamba Mtume (S.A.W) amemlaani anayeitoa kama alivyomlaani anayeipokea. Mzee yule hakubisha. Alisema tu: "Sheikh, tukitoa tusitoe, watoto wetu hawapiti."

Kauli hii tunaisikia barazani, misibani na hata mimbarini. Tusiipuuze, kwani ndiyo inayowafanya watu wema wafungue pochi zao kwa jambo la haramu. Lakini ni kauli inayoweza kupimwa, na ndugu zetu wa India wamewahi kuipima kwa hesabu.

Nchini India, maofisa wa juu wa tawala za wilaya, wa polisi na wa ubalozi hupatikana kwa mtihani mmoja wa ushindani unaofanyika kila mwaka. Waingereza ndio waliouanzisha mwaka 1855, tena ukifanyika London peke yake. Hadi mwaka 1922 ndipo ulipoanza kufanyika India pia. Ugumu wake unatisha. Mwaka 2022 walioomba walizidi milioni 1.1, waliofika chumba cha mtihani wakawa kama 570,000, na waliopendekezwa kuajiriwa walikuwa 933.

Mtahiniwa hupita hatua tatu. Ya kwanza ni ya kuchagua jibu, na jibu lisilo sahihi humkata theluthi ya alama za swali, hivyo mwenye kubahatisha hujichimbia kaburi. Ya pili ni karatasi tisa za kuandika kwa maelezo. Tangu mwaka 2013 mojawapo ni ya maadili na uadilifu (nasi tunajua kuwa maadili nayo yaweza kukaririwa, lakini angalau yameulizwa). Ya tatu ni mahojiano ya ana kwa ana, ambayo yana alama 275 kati ya 2,025 zinazohesabiwa mwishoni. Msomaji azitazame vyema hesabu hizo. Zaidi ya asilimia 86 ya alama hupatikana mezani, kwa kalamu, kabla mtahiniwa hajaonana na mtu yeyote.

Waislamu wa India nao walikuwa na malalamiko kama ya mzee wetu. Mwaka 2005 serikali yao iliunda kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar ichunguze hali yao, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Waislamu, waliokuwa asilimia 13.4 ya wananchi kwa sensa ya mwaka 2001, walikuwa asilimia 3 tu ya maofisa wa utawala, asilimia 4 ya maofisa wa polisi na asilimia 1.8 ya wanadiplomasia. Malalamiko yalikuwa na msingi.

Lakini kamati haikuishia hapo. Ilitazama pia waliofanya mtihani wa mwaka 2003 na wa mwaka 2004, ikakuta kuwa Waislamu walikuwa asilimia 4.9 tu ya watahiniwa. Na wale wachache waliojitokeza walifaulu kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzao. Pengo kubwa lilikuwapo hata kabla ya mlango wa chumba cha mtihani kufunguliwa, nalo lilianzia katika umasikini, shule duni na nyumba zilizokwisha kukata tamaa. Hatusemi kuwa ubaguzi haupo. Mwaka 2020 kituo kimoja cha televisheni nchini humo kiliwatuhumu vijana wa Kiislamu waliofaulu mtihani huu kuwa ni njama ya kujipenyeza serikalini, mpaka Mahakama ya Juu ikasimamisha kipindi hicho. Fikiria, ndugu msomaji: mtoto anafaulu kwa jasho lake, na kufaulu kwenyewe kunageuzwa kosa!

Pamoja na hayo, wapo waliochagua kuandaa watoto. Mapema kabisa, mwaka 1883, Sir Syed Ahmad Khan aliunda chama cha kuchangia vijana wa Kiislamu waingie katika utumishi huo. Katika zama zetu, taasisi ya zaka iitwayo Zakat Foundation of India, iliyoundwa mwaka 1997, imekuwa ikiwafadhili vijana wasio na uwezo wajiandae kwa mtihani. Wapo watakaouliza kama zaka inafaa kwa kazi hiyo. Rai yetu ni kuwa mwanafunzi fakiri hupewa kwa ufakiri wake, na akishapewa akanunua vitabu badala ya viatu, hapana wa kumlaumu.

Chuo kikuu cha Jamia Millia Islamia, Delhi, nacho kina kituo cha bweni ambako vijana wa jamii za wachache, wa tabaka za chini na wanawake hufundishwa bure, huandika majibu kwa kupimiwa muda, na husailiwa kwa majaribio. Aliyeshika nafasi ya kwanza nchi nzima katika mtihani wa mwaka 2021, Shruti Sharma, aliandaliwa hapo. Si Muislamu, na hatuoni hasara yoyote katika hilo. Naye Shah Faesal, daktari kutoka Kashmir ambaye baba yake mwalimu aliuawa kwa risasi mwaka 2002, aliongoza mtihani wa mwaka 2009. Alijiuzulu mwaka 2019 akaingia siasa, kisha akarejea utumishini. Hayo ni maneno ya siku nyingine.

Nabii Yusuf (A.S), kama tusomavyo katika Sura yenye jina lake, aya ya 55, alipoomba asimamie hazina za Misri alitaja sifa mbili: kwamba anajua kutunza, na kwamba ana ujuzi. Hakutaja kuwa anafahamiana na mtu wa ndani.

Hapa petu pia, mwombaji wa ajira serikalini mara nyingi huanza na usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano. Basi tukamuuliza yule mzee: binti anasoma saa ngapi? Akafikiri, akasema: akishapika, akishaosha vyombo, wadogo zake wakishalala. Wapi? Sebuleni, televisheni ikizimwa. Tukamwambia kuwa laki alizotaka kumpa yule mtu zingemlipa dada wa kazi miezi kadhaa, na zingebaki za vitabu na taa.

Akanyamaza kidogo, kisha akatugeuzia kibao: "Na maktaba ya madrasa yenu, Sheikh, usiku hufunguliwa?"

Haikuwa ikifunguliwa. Ilikuwa ikifungwa baada ya Laasiri, na ufunguo tulikuwa nao sisi. Tangu wiki iliyopita inafunguliwa baada ya Isha hadi saa nne, na meza mbili za upande wa dirishani ni za wasichana.