Vituo vya Pampu na Safari ya Majitaka Dar es Salaam

Kila mwanafunzi anafahamu kwamba maji hutiririka kutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini. Mfumo wa kuondoa majitaka mijini hutegemea tabia hiyo. Mabomba hufukiwa kwa mteremko, na majitaka husafiri yenyewe bila kusukumwa na mashine. Mteremko hauna budi kuyapa mwendo usiopungua takriban meta 0.6 kwa sekunde; yakienda polepole zaidi, mchanga na kinyesi hutuama na kuziba bomba.

Shida huanza katika ardhi tambarare. Bomba lenye mteremko wa 1 kwa 150 hushuka meta 10 katika kila kilometa moja na nusu. Katika maeneo ya pwani kama Mikocheni, Kinondoni, au Kurasini, Temeke, ardhi iko chini na maji ya ardhini yako karibu. Mtaro wa kina hicho hujaa maji kabla bomba halijalazwa. Hapo ndipo kituo cha pampu kinapohitajika.

Jinsi kituo kinavyofanya kazi

Kwanza majitaka hupita kwenye chujio la nondo linalonasa matambara na plastiki, kisha huingia katika kisima cha zege. Yakipanda hadi kimo kilichowekwa, boya huwasha pampu, yakishuka, huizima. Pampu huyasukuma hadi mahali pa juu, na kutoka hapo huendelea tena kwa mteremko. Vali huyazuia yasirudi nyuma pampu inaposimama.

Nguvu inayotakiwa inaweza kukokotolewa darasani. Kuinua lita 30 kwa sekunde hadi kimo cha meta 10 huhitaji 30 × 9.8 × 10, yaani wati 2,940. Kwa kuwa nishati nyingine hupotea katika mota, katika pampu na kwa msuguano ndani ya bomba, mota hutakiwa kuwa na karibu maradufu ya nguvu hiyo.

Pampu inaposimama

Mahitaji hayo si makubwa, lakini ni ya usiku na mchana. Umeme ukikatika, watu hawaachi kutumia maji. Kisima hujaa, majitaka hurudi nyuma katika mabomba, na hatimaye hufoka kwenye chemba iliyo chini kuliko zote. Hivyo wanaoathirika kwanza ni wakazi wa mabondeni, hata kama hawakaribiani na kituo. Ndiyo maana kituo hustahili kuwa na pampu ya akiba na jenereta.

Majitaka yakikaa muda mrefu kisimani, hasa katika joto la pwani, bakteria huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hula zege na huweza kumuua fundi anayeingia kisimani bila kinga.

Ikumbukwe kwamba kituo cha pampu hakisafishi majitaka. Kazi hiyo hufanywa kwingineko, kwa mfano katika mabwawa yaliyojengwa Vingunguti, Kurasini na Lugalo, ambamo jua, hewa, mwani na bakteria husafisha maji.

Mitaa isiyo na mabomba

Kaya nyingi za vitongoji vya Kinondoni na Temeke hazijaunganishwa na mtandao huo. Hutumia vyoo vya shimo na makaro. Kwao, gari la kunyonya majitaka ndilo kituo cha pampu, nalo haliwezi kupita katika vichochoro. Mvua zinaponyesha, baadhi ya watu hutapisha vyoo, na kinyesi huingia mitaroni na visimani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani ulionyesha jinsi uchafu wa mtaa mmoja unavyoweza kuwa msiba wa taifa.

Kwa hiyo, kupanua mtandao katika ardhi tambarare maana yake ni kuongeza vituo vya pampu, pamoja na umeme, mafundi na vipuri vyake. Wananchi nao wana wajibu wao: tambara linalotupwa chooni leo laweza kusimamisha pampu kesho, na majitaka yakafoka mlangoni pa jirani.